Vipepeo na Marejea Makavu

Oldeani, Karatu
10 Juni 1984

Kwa shemeji yangu Ignas,

Pokea salamu zangu, nawe umgawie Mama fungu lililo kubwa zaidi, kisha mkeo na watoto wote walio chini ya paa lenu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kifua cha Mama kimeacha kumsumbua sasa baridi inapoanza. Mvua zenu huko Singida ziliishaje? Hapa zilichelewa, halafu zikaja zote kwa pamoja. Barabara ya kushuka Karatu imekatika vibaya, na lori la kahawa lililala matopeni mpaka wafanyakazi wa shamba wakaenda kulikwamua kwa majembe. Sukari hatujaiona tangu Pasaka. Sabuni naikata vipande vidogo kama peremende. Sisi ni wazima, kwa kadiri mtu anayeamka asubuhi na kwenda kazini anavyoweza kuitwa mzima.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliipata. Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya posta, nikaisoma tena nyumbani baada ya kufunga mlango wa jikoni. Uliniuliza kama ni mwanamke wa Kimbulu, yaani mimi, aliyemkataza kaka yako kuja kumzika baba yake. Uliandika kwamba Mama hataki tena jina la Nikodemu litajwe mbele yake, na kwamba elimu imempa kiburi mtoto wake na ndoa imemmalizia. Nilikasirika, shemeji, sitakudanganya. Kisha nikachoka kukasirika. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na ruhusa ya kujibu. Leo ninayo. Lakini nivumilie nikusimulie kwanza kazi tuliyokuwa tukiifanya hapa, maana bila hiyo hutaelewa yaliyotokea. Isitoshe, sina mtu mwingine wa kumsimulia.

Unakumbuka tulipohama Dar es Salaam, idara ya Nikodemu ya pale chuoni ilipomtuma huku kuchunguza vipepeo. Najua mlicheka. Mtu mzima amesoma hadi ng'ambo, analipwa kufukuza vipepeo! Hata mama yangu kule Endamarariek aliniuliza kama wanaliwa. Tulipewa nyumba ya zamani ya karani wa shamba la kahawa, juu kabisa, mibuni inapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Bati linavuja upande wa jikoni, na nyati hushuka kunywa kwenye mfereji wetu kana kwamba wao ndio wenye nyumba. Nyuma tulijenga vizimba vya chandarua, mtu anaweza kusimama ndani yake, na humo tukafuga vipepeo tangu yai.

Kuna kipepeo ambaye hata wewe umemwona shambani mara nyingi bila kumjali. Rangi yake ni ya chungwa lililoiva, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe. Huruka polepole kama mtu aliyemaliza kazi zake, kwa sababu hana anayemwogopa. Alipokuwa kiwavi alikula majani yenye utomvu mweupe mchungu, na uchungu ule ukabaki mwilini. Ndege akimwonja humtema, na tangu siku hiyo hamgusi mwenye rangi ile. Basi yupo kipepeo mwingine, wa ukoo wa mbali kabisa, asiye na uchungu wowote. Dume wake ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau, anameremeta kama kitenge kipya. Lakini jike wake amejivika rangi ya yule mchungu, chungwa na ncha nyeusi, hata ule uvivu wa kuruka ameuiga. Ndege wanamwona na kumwacha apite.

Swali la Nikodemu lilikuwa hili: ikiwa rangi inaweza kudanganya kiasi hicho, dume na jike wanajuanaje wakati wa kuoana? Nimeona kwa macho yangu madume wa yule mchungu wakimfuata jike wa kuiga, wakicheza juu yake, kisha wakashtuka na kuondoka. Wenzake chuoni walikuwa na hakika kwamba jibu lote limo kwenye rangi, kwamba jike huangalia mabawa na kuchagua. Hata yeye alikuja huku akiamini hivyo.

Kwa hiyo mimi niliyekuwa mwalimu wa darasa la tatu niliacha chaki, nikawa mchunga viwavi. Nilichuma majani alfajiri kabla umande haujakauka. Niliosha vizimba. Nilipaka madume wa yule mchungu wino mweusi mabawani kwa ubua wa nyasi, mmoja mmoja, ili tuone kama majike watawakataa wakibadilika rangi. Nikodemu alikaa kwenye kigoda kando ya chandarua, nami nikamweleza kila nilichokiona, neno kwa neno, kama mtangazaji wa mpira redioni.

Na uchumba wao una utaratibu, shemeji, usidhani ni wadudu tu. Dume ana brashi mbili za nywele alizozificha mwisho wa mwili wake. Akimwona jike anapanda juu yake, ananing'inia hewani, anazikunjua kama mwavuli na kumpangusa nazo usoni. Jike akiridhika anatua, anafunga mabawa na kutulia. Asiporidhika anajitupa kwenye majani, au anapaa juu mpaka yule bwana achoke.

Msimu wa kwanza wote majike walikataa. Tulipaka wino, wakakataa. Tuliacha kupaka, wakakataa vilevile. Wachache mno walikubali, hata haikuwezekana kusema lolote. Nilikuwa nikisimama pale tangu jua kuchomoza hadi miguu kuvimba, nikirudia maneno yaleyale: amekuja, amepangusa, amekataliwa. Amekuja, amepangusa, amekataliwa. Wino ulikwisha, na dukani haukuwepo. Idara ikaanza kuuliza kwa upole tumefikia wapi. Nikodemu akawa haongei. Alikuwa akila anachopewa na kulala anapoonyeshwa.

Ndipo ikaja simu ya maandishi ya msiba wa Baba. Ilikuwa imechelewa njiani, lakini mtu angepanda basi siku ileile angewahi angalau matanga. Nilimsomea. Aliomba nimsomee tena, halafu akasema haendi. Nilidhani ni uchungu unaosema. Nikaanza kumfungia nguo. Akaniambia niache, vipepeo hawawezi kuachwa peke yao. Nikamwambia mtu hamwachi baba yake azikwe na wengine kwa ajili ya wadudu. Tuligombana, shemeji, kwa namna ambayo sikuwahi kugombana na mtu. Nilijua kwamba vipepeo haikuwa sababu. Niliijua sababu yenyewe, nitaifikia. Lakini siku ile sikuweza kuivumilia. Nguo nilizokuwa nimemfungia yeye nikazitoa, nikafunga zangu, nikaenda kwa mama yangu nikiwa sina nia ya kurudi.

Endamarariek nilikaa nikipalilia maharage. Mama yangu hakuniuliza kitu. Aliniwekea chakula na kuniacha nilale, na naamini alifanya hivyo kwa sababu aliuona uso wangu. Kisha siku moja akaja Parsimei. Huyu ni jirani yetu, Mmasai anayechunga upande wa juu wa msitu, ndiye hutuletea maziwa. Alikuwa ametembea kutoka Oldeani mpaka kwa mama. Alisimama mlangoni na fimbo yake akasema viwavi wangu wanakufa, maana bwana wangu anawapa majani ya kahawa badala ya majani yao, na jiko la nyumba ile halijawashwa. Nilipomkaribisha chai alikataa. Alisema tu, "Mama, yule mtu anahitaji mtu," akageuka akaenda zake.

Nilirudi. Nilimkuta Nikodemu amekaa kwenye kigoda chake mbele ya kizimba chenye viwavi wakavu. Hakuniomba msamaha, wala mimi sikumwomba. Niliwasha moto, nikachemsha maji, nikaenda kuchuma majani. Tukaanza upya na mayai mapya.

Sasa shamba hili mwaka jana walipanda marejea, ile mimea ya jamii ya kunde yenye maua ya njano, katikati ya mibuni michanga ili kurutubisha udongo. Yalipotoa maua wakayafyeka na kuyaacha chini. Wengi wa wafyekaji ni watu wa kwenu, wa Singida na Dodoma, nilikuwa nikisikia nyimbo zao nikamkumbuka Mama. Chandarua chetu kilikuwa kimechakaa, na jua la mchana likawa linawachoma vipepeo, hivyo nikabeba mizigo ya marejea yaliyofyekwa nikayatandaza juu ya kizimba kimoja yawe kivuli. Sikuwa na wazo lingine lolote. Yalinyeshewa, yakakauka, vijiti vikaanza kudondokea ndani.

Asubuhi moja niliingia nikakuta madume wameyaacha maua niliyowawekea, wamejazana kwenye vijiti vikavu vya marejea, wakivifyonza kana kwamba vimepakwa asali. Madume watupu; jike hakuna hata mmoja. Nilimweleza Nikodemu. Aliniuliza mara kadhaa kama nina hakika vijiti ni vikavu. Akaomba nimletee dume mmoja mkononi, na nimbonyeze taratibu ili zile brashi zitoke. Nikafanya. Akainama akamnusa. Akaomba nimletee mwingine kutoka kizimba kisicho na marejea, akamnusa naye. Akarudia tena wa kwanza. Halafu akacheka, shemeji, mpaka machozi, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuondoke Dar es Salaam. Akaniambia nami ninuse. Yule wa marejea alikuwa na harufu hafifu, kama majani ya chai yaliyopoa. Yule mwingine hakuwa na chochote.

Siku chache baadaye niliona jike akitua, akafunga mabawa, akatulia. Nilishindwa kutangaza. Nikodemu aliuliza, vipi, vipi, nami nimeziba mdomo kwa mkono. Baada ya huyo wakaja wengine. Tulipoazima wino kutoka ofisi ya shamba nikawapaka madume weusi tititi, na majike waliwakubali hivyohivyo, ili mradi wamefyonza marejea. Wale wenye mabawa mazuri ya asili wasio na harufu waliendelea kukataliwa. Rangi ile inawatosha ndege. Jike anataka zaidi ya rangi.

Nikodemu alituma habari chuoni, na mwezi uliopita akaja Dokta Antonia, mkuu wa kazi hii, kwa Landrova iliyojaa matope hadi kwenye vioo. Ni mama makini, anaongea taratibu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa majuma. Nilipanga viti mahali pale pale pa kila siku. Nilimfundisha Nikodemu upande wa kugeukia, kizimba kipi kiko wapi, hatua za kutoka mlangoni. Aliongea vizuri sana siku ile, nikafurahi moyoni, nikawaza kwamba tumepona. Kisha baada ya chai Dokta Antonia akafungua sanduku la vipepeo waliokaushwa na kubanwa kwa pini, akaliweka mezani mbele ya Nikodemu, akamwomba amwonyeshe yupi ni mchungu na yupi ni wa kuiga, maana amewasahau.

Nilifungua mdomo nijibu mimi, kama nilivyozoea. Nikodemu akanishika mkono. Akasema, "Acha, Valeria." Halafu akamgeukia yule mama, akakosea kidogo upande, akasema, "Dokta, mimi sioni."

Ndiyo, shemeji. Kaka yako ni kipofu. Naandika neno hilo kwa mara ya kwanza na mkono wangu unalikataa.

Ilianza tungali Dar es Salaam. Alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, katikati tu, pembeni giza. Daktari wa macho alisema ni shinikizo la maji ndani ya jicho, limefanya kazi yake kimyakimya muda mrefu, na lililokwisha kupotea halirudi. Dawa za matone zilimsaidia kwa muda, kisha zikawa hazipatikani. Tulipofika Oldeani bado aliweza kusoma kwa shida juani. Siku ilipofika simu ya msiba wa Baba alikuwa akiona mwanga na kivuli tu. Ndiyo maana hakuja. Aliniambia hawezi kushikwa mkono kama mtoto hadi kwenye kaburi la baba yake, mbele ya watu waliomsindikiza siku alipokwenda kusoma. Alisema ni heri mseme ana kiburi kuliko mmwonee huruma. Aliniapisha nisimwambie mtu, na hasa wewe na Mama. Nami niliapa, nikabaki na jina la mwanamke aliyemfungia mume wake ndani.

Dokta Antonia alifunga sanduku lake polepole. Akauliza, basi haya yote yaliyoandikwa aliyaona nani. Nikodemu akasema, "Ni macho ya mke wangu na pua yangu." Yule mama aliniuliza maswali mpaka jua likageuka, akaingia vizimbani mwenyewe, akanusa mwenyewe, akaangalia majike wakitua. Alituambia kazi ni ya kweli na itachapishwa kwa majina yetu wawili. Lakini alisema pia, bila kuzunguka, kwamba idara haitaweza kumwacha mtu asiyeona katika nafasi hii, na nyumba inabidi irudishwe mwisho wa mwezi huu. Hakusema kwa ubaya. Nilimfungia mayai ya kuku ya safari, akapokea kwa mikono miwili.

Alipoondoka nilitegemea kumkasirikia Nikodemu. Baada ya taabu yote ile ya kuficha, yeye ameitoa siri kwa maneno matatu! Nilipomuuliza kwa nini, alisema alinisikia nikivuta pumzi kabla ya kujibu, na pumzi ile ilikuwa ya mtu aliyezeeka. Nilikaa naye pale kwenye ngazi, tukasikiliza ng'ombe wa Parsimei wakipita. Parsimei mwenyewe alipokuja tukamwambia. Akasema alijua zamani, tangu siku kaka yako alipomwamkia ng'ombe wake mtamba, "Shikamoo, mzee." Alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Nikodemu alicheka, na mimi nikacheka, na Parsimei akatucheka sisi.

Juzi nilifungua vizimba vyote. Nikodemu aliuliza wamekwendaje. Nilimwambia ukweli, kwamba wengi hawakwenda popote, wamekaa tu kwenye chandarua kama kawaida, na nimewaacha mlango wazi.

Tunakuja nyumbani, shemeji. Ameniruhusu nikuandikie, na yupo hapa kando yangu. Nimemsomea kila neno hadi hapa. Ameomba jambo moja tu, nifute neno kiburi. Sikulifuta. Tutapanda basi mwishoni mwa mwezi, tupitie Makuyuni na Babati, na nikipata hakika ya siku nitakupigia simu ya maandishi. Ninakusihi umwambie Mama kabla hatujafika, na umwambie wewe, polepole, mkiwa wawili. Mimi sina nguvu ya kusimama pale nikimwangalia akigundua. Mwambie pia watoto wasimkimbilie kwa pamoja. Kila anayemsalimu ataje jina lake, naye atamjibu vizuri, masikio yake ni makali kuliko yangu. Kwenye kaburi la Baba ameomba apelekwe na wewe, mkiwa wawili. Hataki mimi nimshike. Nilipomuuliza sababu alisema huko anataka kwenda na nduguye.

Atapata kazi gani, tutaishi vipi, sijui. Amesema anaweza kufundisha kwa mdomo, na mimi naweza kurudi darasani. Hayo tutayazungumza kwenu. Kwa upande wangu sitaki karamu wala kuku wa kuchinjwa. Nitengenezeeni kitanda kwenye chumba chenye giza, mnipe siku nzima ya kulala, na mtu yeyote asije akaniuliza kitu fulani kina rangi gani.

Mama yangu anawasalimu kutoka Endamarariek. Nikodemu anakusalimu wewe kwa jina mnaloitana tangu utotoni, ambalo amekataa kunitajia nisije nikaliandika vibaya. Mpe Mama mkono wangu, na mwambie mkwe wake yu njiani.

Mimi shemeji yako,
Valeria